Mwana Aliyeazimwa

Pale mtaa wa Tena, Nairobi, ukifiwa, kabla hujampigia mchungaji simu unampigia Apondi. Mchungaji anaweza kuchelewa, lakini viti vikichelewa waombolezaji watakaa wapi? Yeye ndiye mwenye viti vya plastiki vya samawati, hema mbili, na masufuria makubwa yaliyopika chakula cha matanga kuanzia Umoja hadi Tassia. Kila kitu chake kina doa jekundu chini, la rangi aliyoiacha marehemu mumewe, mtu wa reli, baada ya kupaka mlango. Kiti kikisahaulika kwenye baa ya mtu, Apondi hupita kama anayesalimia tu, akakipindua, akaliona doa lake, na kiti kikarudi nyumbani kichwani mwake.

"Kikivunjika, nirudishie kimevunjika," huwaambia wateja. "Kikipotea ndipo tutakosana."

Huyu Apondi alikuwa na mwana mmoja, Frankline. Walipokuwa wakiishi Eastleigh, kijana alilelewa nusu nyumbani kwao na nusu kwa jirani yao Fowsiya, Msomali muuza vitambaa. Kwa kula anjera, mikate yao ya maji, na watoto wa Fowsiya kila asubuhi, akakijua Kisomali kama aliyezaliwa nacho. Apondi hakuona faida yoyote ya jambo hilo. Walioiona ni wakubwa wa jeshi, kijana alipojiunga nao. Walimvisha vidude vya masikioni, wakamwambia asikilize maadui wanavyozungumza kwenye redio ng'ambo ya mpaka. Mama yake aliposikia kwamba Frankline anasifiwa kwa kusikiliza, alicheka mpaka akashika mbavu, maana nyumbani hakuwahi kumsikiliza mtu.

Sifa zile zikamponza. Kuna idara nyingine serikalini, ya ujasusi, wale wanaume wa makoti ambao jirani zao hudhani wanauza bima. Hao na wanajeshi hawaivi chungu kimoja. Kila upande unaamini nchi ingelala salama kama upande wa pili ungestaafu. Idara ikamtaka Frankline, jeshi likakataa. Idara ikapeleka malalamiko juu, jeshi nalo likapanda ngazi zile zile, na kijana akawa kama mwali mwenye wachumba wawili. Mwishowe wakakubaliana kwa kununa: aende idarani kwa muda, kisha arudishwe.

"Mathe, nimeazimwa," Frankline alimwambia mama yake siku aliyokuja kuaga. Alikuwa amekaa juu ya rundo la viti sebuleni. "Yaani mimi sasa ni kama sufuria yako."

"Wamekutia doa?"

"Doa gani tena?"

"La kuonyesha wewe ni wa nani."

"Mathe, wewe nawe!" Akacheka, akamkumbatia, akaokota mkoba wake. Apondi alimsindikiza hadi mlangoni tu, kwa kuwa alikuwa na hema la watu la kukunja. Hilo hajajisamehe mpaka leo.

Kijana akawa anapiga simu Jumapili kutoka huko ng'ambo ya mpaka alikopelekwa. Hakusema mambo ya kazi, alisema ya tumbo. "Huku kuna jikoni mbili, Mathe. Nikienda kwa majeshi wananishow niende nikule na wasee wangu wa makoti. Nikienda kwa wale wa makoti wanasema mimi ni soja. Jana nililala na biskuti."

Apondi alicheka, kisha akakasirika. Yeye aliyelisha matanga ya mtaa mzima, mwanawe analala na biskuti kwa sababu wakubwa wawili wameshindwa kuamua ale na nani!

Halafu Jumapili moja simu haikulia. Ya pili haikulia. Hakuna gari lililokuja nyumbani wala mtu aliyevua kofia mlangoni. Apondi akafunga leso, akaenda kambini mwenyewe.

Alipokewa na Kapteni Munyao, kijana mpole aliyemletea chai kwa mikono miwili. "Mama, pole sana," akasema. "Lakini Frankline tuliwaazima wale. Hawajamrudisha. Waulize wao."

Idara nayo haina hata kibao mlangoni. Baada ya kuhangaika kwa simu nyingi, Apondi akakutana na mwakilishi wao kwenye hoteli mjini, mtu mfupi aliyejiita Wafula. Jina lile hakuliamini hata dakika moja, maana mhudumu alipomsalimia kwa Kibukusu, lugha ya akina Wafula wote, Wafula alimkodolea macho kama bubu. "Mama, huyo tulisharudisha," akanong'ona. "Ulizia jeshini."

Akarudi jeshini, akarudishwa idarani. Mvua zikaja zikaisha, zikaja tena. Watu wakamletea methali ya ndovu wapiganao na nyasi ziumiazo, mpaka akaichoka. "Nyasi huota tena," akamkata mmoja kanisani. "Wangu ataota?"

Siku moja alimkazia macho Kapteni Munyao, akaacha heshima zote za wageni. "Mwanangu, nisikilize. Mtu akiazima sufuria yangu akaiunguza, hunirudishia imeungua. Sisemi mnipe Frankline mzima. Nipeni aliyeungua."

Munyao alitazama mlango, kisha akatazama viatu vyake. "Mama, tukisema amekufa, itabidi tuseme alifia mikononi mwa nani. Sisi hatutasema kwanza. Na wao hawatasema kwanza."

Huo ndio ukweli wote aliowahi kupewa. Akiwa hai walimgombania kama mpira wa kona, na sasa hakuna aliyetaka hata kuligusa jina lake.

Tatizo la Apondi halikuwa fidia. Alitaka kulia, na hakuruhusiwa. Jirani hawakujua wamwambie pole au wamwambie Mungu ni mwema. Kwa Wajaluo wenzake, mwanamume asiye na kaburi nyumbani bado yuko njiani, na aliye njiani haombolezwi. Kila wiki Apondi alipeleka viti kwenye matanga ya wengine, akavipanga, akawaona wakilia hadi wakatulia, kisha akavirudisha nyumbani. Aliwaonea wivu. Aibu ilioje, mtu mzima kumwonea wivu mwenye jeneza! Lakini ndivyo alivyohisi.

Shemeji yake Jackton, kaka wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuja na neno. "Shemeji, wazee wetu walijua kuna watu wanaoliwa na ziwa na wengine wanaopotelea vitani. Mwili usipopatikana, tulizika yago. Tumpumzishe mtoto."

Yago ni tunda la mti wa kwao, refu, zito, gumu kama gogo, na huzikwa badala ya mtu. Apondi alimfukuza Jackton nyumbani kwa maneno makali. Baada ya mwezi akampigia simu mwenyewe. Alikuwa na sharti moja: mwanawe aliondokea mlango wa Tena, basi safari ya kaburini ianzie mlango huo huo. Ndivyo tunda lilivyosafiri kutoka kwao Siaya hadi Nairobi likiwa limefungwa shuka, mapajani mwa Jackton, ili lirudishwe Siaya kesho yake. Akina mama wa kanisa walinong'ona. Mchungaji akasema ataiombea familia, na habari za tunda atamwachia Mungu. Fundi wa jeneza kule Majengo alipouliza kimo cha marehemu, Apondi akampa kimo cha Frankline. Ndani ya sanduku lile refu akalilaza tunda, amelivika sweta ya shule ya mwanawe.

Hema alilisimamisha mwenyewe asubuhi, akakataa kusaidiwa. Viti vya samawati vikajaa watu. Fowsiya alikuja mapema, akakaa mbele kabisa, akisema kwa sauti kwamba na yeye amefiwa, kwa sababu kinywa kile alikilisha yeye.

Wakati wa nyimbo Apondi akawaona. Kapteni Munyao alikuwa amesimama upande huu wa hema, bila magwanda. Wafula alikuwa upande ule, ndani ya koti lake. Hawakuja kuomboleza. Kila mmoja alikuwa ametumwa aone kama upande wa pili utafungua mdomo na kukiri kwamba marehemu ni wao. Apondi akawapelekea viti. Wakakaa, kila mtu ukingoni mwake.

Ulipofika wakati wa kulipeleka jeneza kwenye basi, vijana wanne wa mtaa waliinuka. Apondi akawazuia.

"Kapteni Munyao," akaita. "Na wewe unayejiita Wafula. Njooni mnibebee mtoto."

Mama aliyefiwa hakataliwi mbele ya watu. Wakaja, mmoja akashika mbele, mwingine nyuma, na uso wa kila mmoja ukaonyesha alivyoshtuka kwa wepesi wa lile sanduku. Munyao ni mrefu, Wafula ni mfupi, na hakuna aliyekuwa tayari kumtazama mwenziwe wapatane hatua. Jeneza likainama. Ndani, tunda likateleza, likabiringika, likagonga upande wa Wafula. Naye kwa kushtuka akainua upande wake juu mno, tunda likabiringika tena na kugonga upande wa Munyao. Kila aliyekuwa chini ya hema alisikia. Fowsiya akapiga ukemi.

Apondi akaja, akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Mshikeni sawa," akasema. "Mnarushiana tena."

Wanaume wale wakatazamana, nadhani kwa mara ya kwanza. Munyao akapinda magoti, Wafula akainua mabega, sanduku likanyooka. "Pamoja," mmoja akasema kwa sauti ya chini, na wakaenda hatua kwa hatua hadi kwenye basi, taratibu, kama watu waliobeba mtu.

Hapo ndipo Apondi alipokaa kwenye kimojawapo cha viti vyake, akalia. Alilia kilio kilichochelewa, kile kinachotoka tumboni, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Dereva alipoanza kupiga honi, Fowsiya akamshika mkono kumwinua.

"Twende, Mama Frank. Usiwaze juu ya viti. Vitarudi."

Apondi akageuka akavitazama vilivyotapakaa chini ya hema.

"Hivyo najua," akasema. "Viti hurudi."