Alichosema Fabiola Wiki ya Tangazo la Maji

Fabiola Akonaay alichimba mtaro wa bomba akiwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa miaka ile tulipoambiwa kwamba miradi ya maji sasa ni ya wananchi wenyewe, na kila kaya ikapimiwa hatua ishirini za kuchimba. Mumewe alikuwa kwenye ng'ombe huko Hanang, hivyo Fabiola alishika jembe mwenyewe. Alimaliza zake ishirini, akaongeza kumi za mama mkwe wake aliyekuwa mzee. Maji yalipofika kitongojini petu, watu walimchagua kuingia kwenye kamati ya maji bila hata kupiga kura.

Miaka michache baada ya Manyara kuwa mkoa, alivuta bomba hadi uani kwake. Jirani yake Oliva alichota hapo kama kwake. Wanawake hawa wawili walipalilia mashamba yao pamoja na waliitana kwa majina ya watoto wao wa kwanza, Mama Zita na Mama Jenifa.

Kisha ukaja mwaka wa mvua zisizokatika. Udongo uliporomoka juu ya kibanda cha zege kinachofunika chemchemi ya bomba letu, ukakipasua. Bwana afya alikuja na pikipiki, akabandika karatasi kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, akatusomea kwa sauti: kwa tahadhari, hadi majibu ya vipimo yatoke, maji ya kunywa, ya kupigia mswaki na ya kuoshea vinavyoliwa vibichi yachemshwe mpaka yatokote, kisha yafunikwe.

Mzee Nicodemo akauliza, "Kwa hiyo maji ni machafu?"

"Sijasema ni machafu, mzee. Nasema hatujui. Mpaka tujue, chemsheni."

Neno hilo "hatujui" lilimchoma Fabiola. Aliogopa watu wakitishwa watarudi mtoni, na mradi ufe. Asubuhi iliyofuata wanawake walipokusanyika uani kwake, alikinga kikombe, akanywa chote mbele yao.

"Mnaniona nakufa? Tahadhari ni karatasi tu. Wadudu ni wa mtoni."

Walicheka, wakajaza ndoo zao. Oliva alibaki nyuma. Mumewe, Tadei, alikuwa ametoka hospitali juzi tu kwa ugonjwa wa mapafu, na hata kukaa kitako kulimchosha.

"Mama Zita, Baba Jenifa bado hana nguvu. Unaonaje, nimchemshie?"

"Kuni zote zimelowa. Ule moshi si ndio utammaliza kifua? Mpe tu. Maji haya nayajua."

"Kwako unachemsha?"

"Sichemshi," Fabiola alisema, na moyoni mwake alikuwa anasema kweli.

Siku ya tano Tadei alianza kuhara na kutapika. Siku ya sita walimbeba hadi hospitali Mbulu, na wauguzi walimtundikia maji ya dripu mkono mmoja, wakahamia wa pili, lakini mwili ulikuwa umeshachoka. Alifariki siku ya saba, mchana, Oliva akiwa amekwenda kumtafutia uji. Kitongojini watu wengine tisa waliugua wakapona. Majibu ya vipimo yalifika tukiwa bado matangani: maji yalikuwa yameingiwa na kinyesi cha mifugo.

Wanawake walikuwa wanamenya viazi nyuma ya nyumba ya msiba, Fabiola na Zita wakiwemo, na Oliva pia, maana alikataa kukaa ndani bila kazi. Mmoja akasema, bila ubaya, kwamba ajabu ni nyumba ya Fabiola, bomba uani na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Zita, aliyekuwa kidato cha pili, akajibu kama anavyojibu mwanafunzi aliyeulizwa swali.

"Nilikuwa nachemsha kila alfajiri. Bwana afya alitusomea, na shuleni pia walituambia."

Kisu cha Oliva kilisimama. Alimgeukia Fabiola.

"Kwako mlichemsha."

"Mama Jenifa, sikujua. Namwapia Mungu, sikujua."

"Mlichemsha," Oliva alirudia, akainua sinia la viazi akaingia ndani.

Fabiola alifika nyumbani akamzaba Zita kofi. Binti huyo ndiye aliyewalinda wadogo zake, na mama alilijua hilo hata mkono ukiwa bado hewani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenikataza, mama."

Fabiola alikaa kwenye kigoda, akaitazama ile ndoo yenye mfuniko aliyokuwa akichota humo maji ya kunywa kila siku. Ladha ya moshi aliionja wiki nzima, ila hakuuliza.

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema yeye ndiye aliyewaambia watu wasichemshe. Mwenyekiti alimkatiza akasema hiyo si ajenda, ajenda ni saruji ya kuzibia ufa. Aliomba kutoka kwenye kamati, lakini hakuna aliyetaka nafasi yake, kwa hiyo akabaki. Kibanda kilijengwa upya, dawa ikatiwa, na bwana afya akaja kutangaza kwamba maji sasa yako salama.

Baada ya mavuno Oliva aliamua kuhamia kwa kaka yake Hanang. Alipita nyumba kwa nyumba kuaga, na kwa Fabiola hakupita. Gari lilipokuwa linapakiwa vyombo, Zita alikimbia hadi barabarani.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Oliva alimwekea mkono kichwani. "Usiache shule."

Fabiola aliyaona hayo akiwa nyuma ya mlango wake. Alikuwa amevaa khanga nzuri tangu asubuhi, ya kwenda kuagana. Hakutoka mpaka gari lilipoteremka bondeni na mlio wake ukapotea.