Mdomo wa Tabitha Dirishani

Tabitha Sprowle aliuza magazeti katika barabara ya Strand, London, kwa miaka kumi na moja, gazeti moja kalichomeka kwenye utepe wa kofia, pembe ya bati ya kupuliza mkononi. Kusoma hakujua. Karani wa gazeti humwambia habari ya kunadi, naye huinadi mpaka farasi washtuke.

Asubuhi moja alikuta watu wamejazana mbele ya duka la picha la Bwana Cuffley, wanashika mbavu. Akapenya kwa viwiko. Dirishani alikuwamo yeye, kachorwa kwa dhihaka: pua ya nguruwe, mdomo kama mlango wa ghala, gazeti kalishika juu chini, anacheka huku anakanyaga maiti za askari.

"Si ndiye huyu hapa!" akasema muuza chaza mmoja. "Bibi wee, hebu achama tulinganishe!"

Damu ikamchemka. Pua hakuijali, uzuri hakuwahi kujidai. Lakini zile maiti! Siku ilipofika habari ya ushindi wa vita kule Hispania alinadi hadi sauti ikamkauka. Gazeti liliwataja maofisa waliokufa kwa majina na koo zao. Askari wa kawaida waliandikwa idadi tu: mia mbili na kumi na wanne. Wiki sita baadaye akasomewa barua kwamba mwanawe Enoch alikuwa mmoja wao.

Akaingia dukani. "Itoe hiyo!"

"Ndiyo inayonilisha wiki hii, mama," akasema Cuffley bila kuinua uso. "Nawe si unauza vifo vya watu kila siku? Tumepishana wapi?"

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa na ukweli, na ukweli wa mwenye dharau huuma maradufu. Akatoka nje, akamtukana Cuffley na ukoo wake mzima. Kadiri alivyoachama ndivyo watu walivyolinganisha, wakacheka, wakaingia kununua.

Ndipo akafumba mdomo. Akasimama kando ya picha, akiwakazia macho mmoja mmoja. Kicheko kikafifia.

"Vipi, bibi, leo hakuna habari?" akauliza muuza chaza.

"Ipo. Katika hao ninaowakanyaga, mmoja nilimzaa mimi. Haya, chekeni!"

Muuza chaza akavua kofia. Hakuna aliyenunua tena, na kabla ya adhuhuri Cuffley akaiondoa picha, akinung'unika kuharibiwa biashara.

Tabitha hakusubiri kutazama. Alikuwa amefika njia panda, anapaza sauti kwa hasira: "Enoch Sprowle kafa vitani! Enoch Sprowle!" Wapita njia wakanunua magazeti, wakapekua kurasa zote, jina wasilione.