Mama alibadilishwa betri ya moyo, nami nikaona haya kumzuia shangazi

Wakuu, hamjambo humu. Kisa hiki ni cha nyumbani kwetu Malindi, miaka ya themanini. Nitakieleza kama kilivyokuwa, hata pale kinaponiumbua.

Mama yangu aliishi kwa pacemaker. Sisi tukiiita betri ya moyo. Ilikaa chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, imetuna kama kibiriti.

Ikafika siku betri ikachoka. Tukapanda basi hadi Nairobi, akabadilishwa.

Mimi nilidhani kubadilisha ni jambo dogo kuliko kuweka mara ya kwanza. Daktari akanikalisha chini. Akasema mahali pakifunguliwa mara ya pili, vijidudu hupata njia kwa wepesi, na vikishakishika kile chuma, dawa haivitoi.

Walimdunga antibayotiki kabla ya kumpasua. Kilichobaki kilikuwa kazi yangu: bandeji isifunguliwe, kidonda kisipakwe kitu, kisiguswe.

Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi ukiwa Nairobi.

Siku ya tatu baada ya kurudi, shangazi yangu Bi Zuena, dada mkubwa wa marehemu baba, akaja kutoka Matsangoni kumzuru mgonjwa. Alibeba kichupa cha mafuta ya habasoda aliyoyasomea dua mwenyewe. Kwetu mkubwa akishasoma, hupaka kwa mkono wake.

"Wifi, hebu nione walivyokuchana."

"Daktari kasema pasifunguliwe," mama akajibu, chini chini.

"Daktari kashona. Kuponya si kazi ya uzi."

Mama akanitazama. Aliniomba kwa macho nimsemee, maana hakuwahi kumkatalia wifi yake jambo maishani. Nami, niliyekuwa nikijiita mwandishi, mwenye maneno ya kila kitu, nikaona haya. Nikaangalia mkeka.

Bandeji ikafunguliwa, mafuta yakapakwa.

Wiki ya pili ngozi ikawa nyekundu, ya moto, kisha ikatoa usaha. Tukarudi Nairobi. Betri ikatolewa, nyaya zake zikavutwa kutoka moyoni. Siku kadhaa moyo wa mama ulipigishwa na mashine kando ya kitanda, kwa waya mmoja mwembamba. Nilikaa nikiutazama ule waya, naogopa hata kupiga chafya.

Baadaye akawekewa nyingine upande wa kulia.

Nilimwuliza daktari kama ni yale mafuta.

"Siwezi kuapa," akasema. "Lakini upande wa tatu hana."

Tuliporudi Malindi, shangazi akaja tena. Nilimpokea mlangoni.

"Shikamoo shangazi. Karibu ukae naye, mzungumze. Kidonda hakiguswi."

"Waniambia mimi? Mimi niliyekuogesha ukiwa mchanga?"

"Nakwambia wewe, shangazi."

Akanitazama sana. "Basi kaa na mamako." Akajitanda buibui lake, akaondoka.

Mama alisikia yote. Aligeukia ukutani akalia, na sikujua anamlilia nani.

Kidonda kilikauka. Mama akaishi miaka mingi. Shangazi hakuvuka kizingiti chetu tena.

Nilichojifunza, wakuu: maagizo ya daktari yanataka mtu wa kuyasema kwa sauti nyumbani, tena kabla mgeni hajabisha hodi. Laiti ningekwenda Matsangoni mapema, nikakaa na shangazi nikamweleza, pengine ningebaki nao wote wawili.

Mwenye mgonjwa wa namna hii, usitazame mkeka kama mimi.

Na aliyewahi kumzuia mkubwa wake bila kumpoteza, aniandikie hapa chini alitumia maneno gani. Mimi hadi leo sijayapata.