Sahihi Ishirini na Mbili

Asubuhi ya mwisho mke wangu aliungua ulimi kwa chai. Alikuwa na haraka. Akasema, "Hii chai umechemsha na mawe, mzee?" Nikamwambia anywe taratibu, mita haina miguu. Akanijibu, "Mita haina, ila saa inayo." Akavaa viatu vyake vya mpira, akachukua kalamu, akatoka. Mlango hakuufunga vizuri. Niliinuka nikaufunga mimi, nikarudi kwenye kiatu nilichokuwa nakishona.

Ndiyo hiyo tu. Hakuna kingine cha asubuhi ile.

Saa moja walinzi wawili wakaja mbio. Wamemkuta ameanguka kwenye chumba cha mita, upande mmoja umekufa. Ilikuwa tarehe tatu.

Kazi yake ilikuwa kusoma mita. Kila mtu alimwita Mama Mita, hata watoto wa majirani. Kituo chenyewe ni kidogo. Maji ya mto yanashuka kwenye bomba kubwa la chuma, yanazungusha mashine, mashine inatoa umeme. Nyumba za wafanyakazi ziko palepale, hatua mia mbili. Tulikaa nyumba ya nne miaka ishirini na sita. Mimi ni fundi viatu, sikuajiriwa na mtu. Nilikaa pale kwa ajili yake.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alisoma namba za mita, akaziandika kitabuni kwa wino, akasaini. Ila kabla ya kusoma alikuwa na mtindo wake. Aliweka kiganja kwenye bomba. Likiwa baridi na linatetemeka, maji yanapita, basi anasaini. Likiwa limenyamaza, anaandika pembeni kwamba mashine imesimama. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Fomu haikutaka hivyo. Fundi wa zamu alimtania, "Mama Mita, bomba unalipapasa kuliko mzee wako." Akamjibu, "Bomba nikiligusa linajibu. Mzee mpaka nimwulize mara tatu."

Ni kweli. Mimi si msemaji.

Siku moja nilimwuliza kwa nini sahihi yake inataka mambo mengi hivyo. Shule sikuiona, herufi alinifundisha yeye ukubwani, kwa hiyo alinieleza polepole. Umeme ukishaingia kwenye waya, alisema, hauna uso. Wa maji, wa jua, wa mafuta, wote unawasha taa ileile. Sasa huko mbali kuna wenye viwanda wanaotaka kuwaambia wateja wao kwamba wanatumia umeme wa maji. Watathibitishaje? Kwa karatasi. Kila yuniti elfu moja zikitoka kwenye mashine yetu, kinatolewa cheti kimoja: umeme huu umetoka kituo fulani, tarehe fulani, kwa maji ya mto. Anayenunua cheti ndiye mwenye haki ya kusema umeme wake ni wa maji.

Nikasema, "Kwa hiyo ni cheti cha kuzaliwa."

"Hapo umesema. Na mkunga ni mimi."

Vyeti vyote vya kituo chetu viliuzwa huko. Na kampuni ikishauza cheti, haki ya kusema inaondoka nacho. Ndiyo maana kwenye bili yetu, chini kabisa kwa maandishi madogo, kulikuwa na mstari huu: Chanzo cha umeme: hakijulikani. Mke wangu alinisomea kila mwezi kana kwamba ni habari mpya. "Maji nayasikia nikiwa kitandani," alisema, "halafu karatasi inaniambia haijui taa yangu imetoka wapi." Alicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, lakini nilicheka kwa kuwa yeye kacheka.

Mwaka uliotangulia mto ulikauka. Mashine ikasimama. Nyuma ya kituo kulikuwa na jenereta la dizeli, wakaliwasha ili watu wasikae gizani. Kufika hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba waya wake waliupitisha kwenye mita ya umeme wa maji. Kwa hiyo mita ilizunguka, na bomba limenyamaza. Mke wangu siku kumi na moja aliandika mashine imesimama, sahihi hakuweka. Vyeti vya siku zile havikutoka.

Meneja akaja nyumbani. Akakaa kwenye kigoda changu cha kazi, juu ya vipande vya ngozi, hata hakuangalia.

"Mama, mita inasoma au haisomi?"

"Inasoma."

"Basi andika inachosoma."

"Nimeandika. Na pembeni nimeandika bomba kavu."

"Bomba halimo kwenye fomu."

"Basi na mimi simo."

Meneja akanigeukia. "Mzee wangu, mkeo huyu unaishi naye vipi?"

Nikamwambia, "Kwa adabu."

Kuanzia siku hiyo salamu yake kwetu ikawa ya mbali.

Hospitali alilala siku kumi na nane. Mkono wa kulia, ule wa kalamu, ulikuwa kama kitu cha mtu mwingine kilichowekwa kitandani. Wauguzi wakimgeuza, mkono unabaki nyuma, mpaka mtu auchukue autoe chini ya mwili. Maneno aliyapata kidogo kidogo, mdomo umepinda. Mimi nilikaa naye mchana, binti yetu akapokea jioni.

Siku ya pili nilirudi nyumbani kuoga. Nilipokuwa nabeba ndoo nikasikia kituo. Hakikulia kama siku zote. Ile sauti nzito ya chini, ya maji, haikuwepo. Kulikuwa na mlio wa dizeli, taka taka taka, na moshi. Mto ulikuwa umeshuka tena. Nilisikia vizuri kabisa. Nikaoga, nikabadili shati, nikarudi hospitali. Sikuwaza chochote kuhusu mita. Nani angewaza mita?

Siku ya nne alikuja karani wa kituo kumtazama. Kijana mpole, alileta machungwa. Akasema kazi inaendelea, mama asiwe na wasiwasi, kitabu kiko vizuri.

Mke wangu akamwuliza, "Nani anasaini?"

Karani akacheka kidogo, kicheko cha kutafuta pa kutokea. "Si ni wewe, mama. Kila siku ni wewe."

Mke wangu akamjibu kwa shida, neno moja moja. Karani akainamisha macho, akaaga, hata chai ya wodini hakunywa. Mimi nilimpangusa mke wangu mdomo. Nilidhani homa ndiyo inasema.

Alifariki tarehe ishirini na moja. Tulimzika ishirini na tatu. Meneja alikuja mazikoni na miwani ya giza, akanishika bega muda mrefu. Mazikoni nilimshukuru. Mpaka leo shukrani ile naijutia.

Miezi miwili ikapita. Jumamosi moja Meneja akaja tena, na karatasi ndani ya bahasha safi. Safari hii alisimama.

"Mzee wangu, wakaguzi wa vyeti wanakuja. Ni kawaida, kila mwaka wanakuja. Kuna kitu kidogo tu cha kunyoosha."

Akanipa karatasi. Nasoma polepole, naye alijua, akataka kunisomea. Nikamwambia namudu. Karatasi ilisema mimi, mume wa marehemu, nathibitisha kwamba marehemu alijua afya yake si nzuri, akaacha kurasa za kitabu amezisaini mapema, kwa hiari yake, bila kutumwa na mtu.

Nikamwuliza, "Alisaini kurasa ngapi?"

"Kama ishirini hivi."

"Niione."

Alikuwa na nakala kwenye bahasha. Nadhani hakutegemea nimwombe. Nikavaa miwani. Namba nazijua vizuri kuliko herufi, saizi za viatu zimenifundisha. Tarehe nne, sahihi. Tano, sahihi. Nikashuka na kidole. Kumi. Kumi na tano. Tarehe ishirini na moja, siku aliyokata roho saa tisa alasiri, amesoma mita asubuhi. Ishirini na mbili, amesaini. Ishirini na tatu, tuko makaburini, amesaini. Ishirini na nne. Ishirini na tano. Hapo ndipo mtu alipokumbuka kwamba amekufa. Jumla ishirini na mbili. Na pembeni, pale anapoandikaga habari za bomba, mstari kwa mstari mtu ameandika: maji yanapita.

Nikamwuliza, "Bomba alilishika lini?"

"Mzee wangu, marehemu haadhibiwi. Hafukuzwi kazi. Hapelekwi mahali. Sisi tulio hai ndio tuna watoto shuleni." Akatazama ukuta, dirisha, rafu yangu ya viatu. "Na nyumba hii ni ya mfanyakazi, unajua. Lakini ukisaini nitakuombea ukae. Hata miaka miwili. Kwa umri huu utakwenda wapi?"

Akatoa kalamu, akanisogezea.

"Kama kalamu inakusumbua, weka dole gumba tu."

"Gumba langu lina gundi," nikamwambia. "Litakuharibia karatasi."

Akangoja. Nikavuta kiatu nikaendelea kushona. Alipofika mlangoni akasema, "Fikiria, mzee." Nikafikiria. Sisemi sikufikiria. Miaka ishirini na sita, ukuta ule nimeupaka rangi mwenyewe. Na kweli, marehemu haadhibiwi. Ila watu wangesema Mama Mita naye alikuwa hivyohivyo, alisaini asichokiona. Alichokuwa nacho ni hicho tu, kwamba hakuwahi.

Barua ya kuhama ilikuja baada ya siku tisa. Ilinipa siku thelathini.

Mkaguzi alinikuta nafunga vitu. Mwanamke wa makamo, viatu vyake vimeliwa kisigino upande mmoja, mtu wa kutembea sana. Karani alikuwa amemwelekeza kwangu, kwa siri. Akaniita baba. Akasema wapima mto wamempa vipimo vyao: kuanzia tarehe nne mpaka ishirini na tano mto ulikuwa chini, mashine isingeweza kuzunguka.

"Baba, marehemu aliwahi kusema lolote kuhusu kitabu?"

Nikataka kusema hapana. Ndipo nikakumbuka machungwa, na karani alivyoinamisha macho. Maneno ya mke wangu ya siku ile sikuwa nimeyaelewa mpaka dakika ile, nikiwa na kamba mkononi. Nikamwambia neno kwa neno. Akaandika. Akaniomba nirudie, nikarudia.

Nikamwuliza, "Sasa vile vyeti mtavirudisha?"

Akafunga kalamu yake. "Vimeshatumika, baba. Mwenye kiwanda ameshawatangazia wateja wake. Cheti kikitumika kinafutwa, hakirudi. Tutapunguza kwenye vya mwaka ujao."

"Kwa hiyo kule watu wanajua walitumia maji."

"Wanajua hivyo."

"Na ilikuwa dizeli."

"Ilikuwa dizeli."

Nikamwambia akipata nafasi alete kile kiatu, kisigino kinataka kubadilishwa. Hakuleta. Sikuwepo tena pale hata angeleta.

Meneja walimhamisha. Yuko kituo kikubwa zaidi sasa, mashine tatu. Karani ndiye aliyefukuzwa. Barua yake ilisema uzembe. Alikuja kuniaga, nikamtengenezea viatu.

Mimi nakaa kwa binti yetu, chumba cha nyuma. Taa iko juu ya kitanda. Bili ikija naangalia chini kabisa. Ni uleule mstari. Hakuna wa kunisomea akacheka.

Ripoti ya wakaguzi ina kurasa thelathini na mbili. Maneno ya mke wangu ni mistari miwili, ukurasa wa kumi na tisa, na jina lake hawakuliweka, wameandika msoma mita, marehemu. Binti alinisomea, kisha nikaichukua nikasoma mwenyewe kwa kidole. Hawakuongeza, hawakupunguza. Ni kama alivyomwambia karani siku ile:

"Mwambie Meneja mkono wangu uko hapa wodini, nimeulalia. Akiuona kitabuni, si wangu."