Sigara za Mgonjwa wa Sukari

Nyumbani kwetu kulikuwa na adui mmoja tu, na adui huyo alifungiwa ndani ya sanduku la nguo za mama. Ilikuwa sukari. Siku baba alipopimwa hospitalini Nakuru, mkojo wake ulichemshwa pamoja na dawa ya buluu na ile dawa ikageuka rangi ya tofali. Mama alirudi na neno moja, sukari, akalisimamia kama polisi. Chai ya baba ikawa chungu. Ndizi mbivu hazikuvuka mlango. Akimwona anakodolea macho kikombe cha mtoto, alikihamisha kikombe.

Kama tuliambiwa mengine, hatukuyasikia. Hatukujua kwamba ugonjwa huu huharibu mishipa ya damu, na kwamba una marafiki: sigara, mafuta mengi, kitambi, damu iliyopanda. Baba alikuwa nao wote. Kaka yake kule magharibi alikuwa amekatwa vidole vya mguu, na ukoo mzima ukakubaliana kwamba amerogwa na jirani wa shamba. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita na niliamini bila shida yoyote.

Kwa kuwa alinyimwa sukari, baba alipozwa kwa sigara. Mama mwenyewe ndiye aliyemnunulia. "Sasa mwanaume atabaki na nini?" alisema. Akamwongezea na mafuta kwenye nyama, ili asijione ameonewa.

Baba alifanya kazi kwenye karakana ya reli, akisafisha matangi ya gari moshi. Kutoka huko hadi nyumba za wafanyakazi si mbali, ila kuna mwinuko. Alianza kusimama njiani. Nyama ya nyuma ya muundi ilimkaza mpaka hawezi kuinua hatua, akitulia kidogo inaachia, akienda inakaza tena. Na miaka ile ya Hali ya Hatari, wakoloni wakiwasaka waasi, haikuwa miaka ya mtu kusimama-simama barabarani jioni. Askari mmoja alimwuliza, "Mzee, unangoja nani hapa?" Tangu siku hiyo, muundi ukikaza, baba alitoa sigara. Mtu anayewasha sigara ana sababu ya kusimama, hata askari anaielewa. Na sigara ikiisha, mguu umeshalegea.

"Hii sigara ndio dawa ya mguu," alimwambia mama. "Nikivuta tu, inaachilia."

Nami niliyaona kwa macho yangu tulipotoka naye sokoni, vumbi jeupe la ziwani likitupiga usoni. Anasimama, anavuta, anaendelea. Kilichompa nafuu ni kule kusimama. Moshi ulikuwa ukizidi kubana mishipa iliyokwisha kubanwa. Hadi leo nikikumbuka natamani kupiga kitu teke.

Kisha akapewa viatu vipya vya kazi vikamchubua kidole gumba. Hakusikia maumivu, maana nyayo zake zilikuwa zimeanza kufa ganzi. Alipoona kidonda akakificha, kwa sababu mwenye mguu mbovu hafanyi kazi karakana, na asiyefanya kazi halali nyumba za reli. Mficha maradhi kifo humuumbua. Baba aliumbuliwa na harufu. Mama alidhani panya amefia nyuma ya kitanda, akahamisha vyombo vyote, akamkuta panya wake ndani ya soksi.

Tulimpeleka hospitalini siku hiyo hiyo. Daktari alikuwa Mhindi mzee, mpole, asiye na haraka. Aliweka vidole viwili juu ya mguu wa baba akatulia, akatafuta nyuma ya kifundo, akapanda hadi nyuma ya goti. Alikuwa akitafuta pigo la damu, na uso wake ulituambia halipo. Akauliza nyumbani mgonjwa anatumia nini.

Mama akajibu kwa fahari. "Sukari hatumpatii hata kidogo, daktari. Ni sigara tu."

Daktari aliushusha mguu wa baba polepole.

"Mama, sukari naharibu mshipa. Sigara nafunga kabisa. Damu hapana fika chini," alisema. "Mguu hii mimi nakata. Kama yeye hapana wacha sigara, ile ingine pia nakata."

Mama hakulia pale. Alilia njiani, huku akitembea, bila kujifuta. Nilimwonea huruma na nilikuwa na hasira naye, na sikujua vya kufanya na hivyo viwili kwa pamoja.

Baba alirudi na mguu mmoja, na wenzake wakaja Jumapili kumpa pole. Kwetu hakuna anayekwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu. Kwa kawaida huletwa sukari, lakini wote walijua sukari kwa baba ni sumu, wakawa waungwana, wakaleta sigara. Pakiti juu ya pakiti mezani. Mama aliziangalia kama nyoka, ila zawadi hairudishwi mbele ya mgeni. Baba akafungua moja, akawasha.

Hapo mama akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mwanamke wa nyumba zile akifanya. Alinyoosha mkono mbele ya wanaume wote akaitoa sigara kinywani mwa mumewe.

"Baba watoto, daktari alisema nini? Si sasa umekaa. Hakuna askari, hakuna mlima. Hii ni ya nini?"

Wageni walitazama sakafu. Nilingoja baba apandishe hasira, na nadhani ningefurahi.

"Mguu inauma," alisema.

"Ile walikata?"

"Hapana. Hii ingine."

Mama alikaa chini, akaupakata ule mguu kwenye mapaja yake, akaanza kuusugua kwa mikono miwili. Nami nikainama nikaugusa. Ulikuwa baridi.