Priscah Menza na Namba ya Ukoo

Priscah Menza alikuja ofisini kwetu Kuze, Mombasa, mwaka 1998, kuunganisha kompyuta za kampuni ya kutoa mizigo bandarini aliyoiacha marehemu mume wangu. Alikuwa mtu wa Kaloleni. Hakukosa kanisa Jumapili, wala jibu siku yoyote.

Mlangoni mwa mtandao aliweka mashine ya kuchuja kinachoingia na kinachotoka. Hiyo peke yake ndiyo iliyokuwa na anwani ya kujulikana duniani. Kompyuta nyingine alizipa namba za ndani, ambazo ofisi yoyote yaruhusiwa kuzitumia, kwa kuwa hazivuki mashine ile. Mimi nilielewa, nimesoma. Shemeji yangu Twahir, mkurugenzi, alielewa kwamba kompyuta yake ni 10.0.0.1, basi yeye ndiye wa kwanza. Akaichapisha kwenye kadi zake, chini ya jina la ukoo. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa namba ile hafikiwi na mtu. Katika ukoo wetu, mkubwa hakosei; hupotoshwa.

Siku moja alikwenda Tudor kwa washindani wetu, akakuta namba ileile imebandikwa kwenye kompyuta ya karani. Na aliyewafungia mitambo ni Priscah.

Alirudi anatweta. "Wee Priscah! Umeuza namba yetu!"

"Haiuziki, Bwana Twahir. Nani anauza maji ya bahari? Nenda gesti za Mwembe Tayari, kila moja ina chumba namba moja. Wenyewe wamegombana?"

"Watufananisha na gesti?"

"Ziko gesti zenye heshima zake, bwana."

Makarani waliinama wasionekane wakicheka. Shemeji akampa mpaka alasiri: akiri wizi, au afukuzwe, na mji mzima uambiwe sababu.

Kwa mtu anayekula kwa kufunguliwa milango ya ofisi za watu, neno "mwizi" latosha kumfungia zote. Nami nikaona mji mzima ukisikia shemeji anagombania nini. Nilimhofia Priscah, bila shaka. Lakini nilianza na jina letu.

"Mwanangu," nikamwambia, "namba za ndani wazichagua mwenyewe?"

"Zipo mamilioni, Bi Rukiya."

"Basi mtafutie moja ya peke yake."

Kabla ya alasiri kompyuta ya shemeji ilikuwa 10.77.140.9. Akauliza kama kuna mwingine aliye nayo.

"Hapa Mombasa sijaiona kwa mtu," Priscah akajibu, na alisema kweli.

Shemeji akaridhika. Mbele ya makarani wote akamsamehe wizi ambao haukutokea.

Priscah alinifuata ukumbini. "Msamaha nimeupokea, Bi Rukiya. Na mimi, nitaombwa radhi na nani?"

Nilimwambia kwetu mambo hayo hayasemwi. Jioni nikampelekea halua, kwenye sahani yangu ya kaure.

Kazi hakuacha. Sahani aliirudisha kesho yake, imeoshwa ikang'aa, tupu. Na hakuna mtu Mombasa asiyejua kwamba sahani ya mwenzio hairudishwi tupu.