Herufi za Kuazima

Kuna siku moja yenye inakataa kutoka mu kichwa yangu, mwanangu. Na usicheke juu nimekuita mwanangu. Ni kweli niko na miaka kumi na saba, na ndevu yangu hata wembe inapita juu yake bila kuiona. Mais stage, ile kufundisha ya kujaribu yenye shule yetu inatutumaka, inazeesha mutu. Mwaka yenye kuja njo weye batatuma kufundisha batoto ba primaire, donc kaa hapa karibu, usikilize muzee wako.

Miye balinituma mu quatrième primaire, klasi ya ine, upande ya Rughenda, fasi ndege inapita chini chini juu ya mabati na batoto bote banaacha hesabu banaenda ku dirisha. Mwenye klasi alikuwa Maître Célestin, mutu ya Kasai. Serikali ilimuleta huku zamani kisha ikasahau kumurudisha, njo ginsi yeye mwenyewe anasemaka. Alinipa somo ya dessin juu alikamata cahier yangu na kukuta humo sura ya préfet wetu, mukubwa wa shule, na pua kama ndizi ya kupika. Hakunipiga. Aliangalia pua ile, akasema: « Kesho utafundisha. »

Unajua somo ya dessin ginsi inaendaka. Mwalimu anachora nyumba mu tableau, ile ubao nyeusi, batoto banakopia nyumba ile ile, na mwenye dirisha yake imeanguka chini anapata zero. Miye nikakataa. Nilienda kuomba makarto ya biskwiti kwa mama moja wa butiki, nikaambia batoto: leo tunakata herufi. Unatoboa herufi mu karto, unalalisha karto juu ya mufuko wako ya masomo, unapitisha rangi mu tundu, unaondoa. Jina yako inabaki pale, safi, kama ya mulango ya bureau. Batoto balifurahi sana. Mais karto ilikuwa kidogo, donc nikatia sheria: kila mutu akate herufi za jina yake tu.

Mu klasi mulikuwa batoto benye balikimbia vita ya upande ya Beni, banaishi hapa kwa bandugu. Kavira alikuwa moja wao. Mutoto mwanamuke wa kunyamaza, mwenye kukaa karibu na mulango. Somo ya pili haijaanza muzuri, mwanafunzi moja, Kasereka, akasimama:

« Maître, Kavira anakusanya herufi zetu. Amechukua E yangu. »

Nikafungua mufuko ya Kavira. Kweli, humo mulikuwa P, L, U, C, H, E. Hakuna hata moja yenye iko mu jina yake.

Weye unanijua. Kicheko ikipita karibu, miye siiachake iende peke yake.

« Kavira, » nikasema, « jina yako imezaa? Ama unataka kufungua butiki ya herufi? »

Klasi ikacheka mupaka klasi ya jirani bakagonga ukuta. Kavira hakucheka, hakulia. Aliangalia mulango tu, kama mutu anapima ginsi atatoka.

Maître Célestin alikuwa nyuma anasahihisha madictée ya batoto. Akakuja pole pole.

« Stagiaire, umemuuliza? »

« Nimemuuliza, Maître. »

« Hapana. Umemuuzisha kwa benzake. Kuuliza ni hivi. »

Akainama mupaka magoti yake yakalia, sura yake ikawa chini ya sura ya mutoto.

« Mama, hizi herufi ni za nani? »

« Ni za papa, » Kavira akasema.

Kisha akaeleza, na sauti ile ya mutoto anasema somo yenye alijifunza kwa kichwa. Papa yake balimuua mu shamba ya kakao. Balimuzika mbio mbio pamoja na bengine, juu masasi ya bunduki ilikuwa inasikika tena. Balipanda fimbo juu ya kaburi. Na fasi ile yote ni fimbo tu, kila mutu na fimbo yake. Kesho asubui baba yake mudogo alikuwa anapanda gari ya Beni. Seremala moja alimupa musalaba ya kupeleka ku kaburi, mais mwenye kuandikaka majina ku misalaba alishahamia Goma.

« Mvua ikiangusha fimbo, » Kavira akasema, « hatutajua mwenye ni wetu. »

Wa kwanza kutoka mu banki yake ya kukalia ni Kasereka, yule mwenye alimushitaki. Akaweka S yake juu ya meza ya Kavira. S haikuwa mu jina ya mufu. Kavira akaipokea vile vile, akasema aksanti.

Jina ilikuwa PALUKU ZACHARIE. Batoto bakamuazimisha zote zenye alichukua; K, A, R na I zilikuwa zake mwenyewe. Z tu njo ilikosekana, juu Zawadi, mwenye iko nayo peke yake, alikuwa ameenda Alimbongo kwa bibi yake. Karto ilishaisha. Nikapasua ngozi ngumu ya inje ya cahier yangu ya stage, ile yenye inspecteur anawekaka signature, nitafute kukata Z. Mais Kavira alishakamata N ya Noëlla. Aliilalisha ubavu.

« Maître, ikilala inakuwa ingine. »

Ilikuwa Z. Nene, fupi, mais Z.

Kisha masomo kuisha, Kavira akaleta musalaba kutoka nyumbani, tukaitegemeza ku ukuta. Maître Célestin akaleta rangi nyeusi yenye banapakaaka tableau. Miye nilishika karto isitembee, Kavira akapitisha rangi. Ku R karto ikaniteleza. Ukifika siku moja kule ku kaburi, utaona R iko na mukia kidogo. Mukia ile ni yangu. Tukaondoa herufi ya mwisho. Kavira akaangalia sana.

« Sasa ni yeye? »

« Ni yeye, » nikasema.

Herufi zikarudi kwa benyewe na nyeusi pembeni. Nilitaka tuzisafishe na petroli, batoto bakakataa, bakapaka mifuko yao na nyekundu vile vile. Donc hata leo, ku barabara ya Rughenda, utakutana na mifuko yenye majina ya rangi nyekundu na herufi moja ndani yake inachafuka nyeusi.

Baba mudogo alipiga simu kisha siku mingi. Alifika, mais fimbo zilishaanguka karibu zote. Alichagua fasi moja, akapanda musalaba. Kavira alinielezea ku recréation, saa ya kupumuzika.

« Nilimuuliza alijua fasi ya papa namna gani. Akasema tu alijua. »

Akanitazama kama vile miye pia ningepaswa kusema kitu.

« Kama amesema alijua, » nikasema, « alijua. »

Donc, mwanangu, shika hii. Ukimukuta mutoto na kitu yenye hauelewe mu mikono yake, inama kwanza, uulize. Kucheka utacheka nyuma, kama kicheko itabaki. Usimufungie mutoto mu herufi za jina yake tu, juu haujue ni nani mwengine anabeba. Na ngozi ya cahier yako, upasue bila kuogopa inspecteur.

Mungu akupatie klasi yenye haina mutoto wa kutafuta herufi za mufu. Na kama atakupatia ile yenye iko naye, basi akupatie karto ya kutosha, na mukono yenye inajua kushika karto kuliko yangu. Enda na amani.